Urefu wa Ndugu Yangu

Mimi ni fundi wa kanzu, na macho yangu hayana adabu. Mtu akinipitia barazani na kunitolea salamu, kabla sijaitikia nimeshampima: mabega, mkono, bega mpaka kifundo cha mguu. Nimempima sheikh akiwa juu ya mimbari. Nimempima bwana harusi akilia. Mke wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiniambia kwamba nitampima hata Izraili atakapokuja, nami nikimjibu kuwa huyo sina kitambaa cha kumtosha.

Duka langu limo Mji wa Kale, katika kichochoro ambacho tuktuk huingia mbele na kutoka kinyumenyume. Ni chumba kimoja cha mawe chenye mlango mfupi. Watalii wakija, anayewatembeza huwaambia kuwa milango yetu ni mifupi kwa sababu watu wa zamani walikuwa wafupi. Hunikasirisha sana. Mlango ulijengwa mfupi ili mtu aingie kwa mwenzake ameinamisha kichwa, kwa heshima. Watu wa zamani nawajua mimi, kwa maana ninao ukutani.

Nitaeleza. Aliyenifundisha kazi alikuwa binamu wa baba yangu, mzee aliyehifadhi Kurani yote lakini tarakimu za futi zikimchosha. Hakuwa akiandika vipimo. Mteja akija mara ya kwanza, husimamishwa penye ukuta bila viatu, na mzee humkatia utepe wa marekani, kile kitambaa cheupe kigumu, tangu utosini hadi kisiginoni. Uzi wa buluu huonyesha bega, uzi mwekundu huonyesha kifundo cha mguu. Kisha utepe hutundikwa msumarini. Kila ukoo ulikuwa na msumari wake, baba juu, wanawe chini yake, wajukuu chini yao. Mtu akifa, watu wa nyumba yake walikuja kuuchukua utepe wake na kuupeleka makaburini, wachimbaji wapate kuchimba mwanandani, ile nafasi ya pembeni ndani ya kaburi anamolazwa maiti, kwa urefu wake barabara. Baada ya maziko utepe ulirudishwa, ukafungwa fundo moja nchani na kutundikwa tena. Nilipoachiwa duka niliendelea hivyo hivyo. Futi ninayo, na kusoma najua, lakini watu wa mtaa walikuwa wamezoea, nami nilizoea pia.

Ukizitazama tepe hizo miaka hamsini, unaona jambo. Katika koo nyingi wale wa kale kabisa ni warefu. Wanaofuata, waliokuwa watoto wakati wa vita vikuu vya pili na shida ya nafaka, wamepungua. Baba mrefu, watoto wake watatu wote wafupi, na mjukuu anaanza kupanda tena. Hawa vijana wa leo ndio basi, wanameza kitambaa. Muuza vitambaa wangu wa Biashara Street, Mwislamu wa asili ya Kihindi ambaye baba yake ndiye aliyemuuzia mwalimu wangu, aliniuliza siku moja kama wateja wangu ninawamwagilia maji. Zamani jora moja likinitosha mwezi mzima. Sasa halifiki hata wiki tatu, na watu ni wale wale. Nilidhani ni mambo ya Mungu tu na sikuuliza zaidi.

Aliyeniambia maana yake ni binti wa ndugu yangu. Huyu ni mfanyakazi wa kliniki ya watoto, kazi yake ni kuwalaza wachanga juu ya ubao wenye tarakimu na kuwapima urefu, mama zao wakilalamika kwamba wana wao wanavutwa miguu. Mwaka juzi alikuja na daftari, akasema, "Ami, naomba ruhusa nizipime tepe zako." Nilimwambia kuwa katika ukoo wetu hatimaye amepatikana mwingine mwenye macho mabaya. Alikaa na mimi alasiri nyingi, yeye juu ya ngazi, mimi penye cherehani, na siku hizo zilikuwa tamu. Sina mtoto wa kike. Yeye ndiye aliyekuwa binti yangu.

Aliniambia kwamba kimo cha wanadamu hakijapata kutulia mahali pamoja. Wawindaji wa zamani sana walikuwa watu wa mifupa mirefu, nao walipokaa chini wakalima na kula nafaka moja mwaka mzima, wakafupika. Waingereza walipojazana katika miji ya viwanda, mtoto alikuwa akitoka mfupi kuliko babu yake aliyekuwa mkulima. Waholanzi, ambao leo wakija kujishonea kanzu inanibidi nipande kigoda, zamani walikuwa miongoni mwa wafupi wa Ulaya. Na kupanda si lazima kuendelee, alisema, zipo nchi katika Afrika yetu hii ambazo watoto wa leo wanatoka wafupi kuliko wazazi wao. Nikamuuliza, kwani si asili? Akasema, "Asili inasema waweza kufika wapi, ami. Chakula na maradhi ndivyo vinavyosema utafika wapi. Na yote hayo huamuliwa mapema, mtoto hajatimiza hata miaka mitatu."

Nilikuwa nikipachika mkono wa kanzu. Niliupachika wa kulia upande wa kushoto, nikalazimika kuufumua.

Siku ya tatu au ya nne alifika kwenye msumari wetu. Alipima utepe wa baba yangu, mrefu, wenye fundo. Akapima wangu, urefu ule ule. Kisha akaupima wa baba yake, akaupima tena, akageuka juu ya ngazi. "Ami, huu si wa Baba. Huu ni sawasawa na wa babu."

Nilimwambia nilizidisha kwa ajili ya upindo. Yeye si mshonaji, akakubali, au alifanya adabu ya kukubali. Aliweka alama ndogo daftarini mwake na kupita.

Ndugu yangu alikuwa mfupi. Nilikuwa nimemzidi shibiri nzima na vidole viwili. Alikuwa fundi wa saa, akikaa juu ya kiti kirefu nyuma ya kioo cha duka lake, na wateja wageni walishangaa akishuka. Mtaani walimwita kwa jina la kile kipimo kidogo cha mchele, kibaba, naye hakukasirika hata siku moja. Wakimtania sana alikuwa akijibu, "Haba na haba hujaza kibaba," kisha hukamata kahawa yake na kunywa taratibu, mpaka aliyemtania anaona haya. Mimi nilikuwa nikicheka pamoja nao, nikitazama pengine.

Siku ile binti yake hakuwa amemaliza. Alishuka ngazi, akakaa, akaniambia kwa huruma, kama mtu anayetoa habari njema, "Baba hakuumbwa mfupi. Mtazame babu. Jitazame wewe. Ni ile miaka babu alipokuwa mgonjwa. Alikosa chakula cha kumtosha, au alihara mara kwa mara, au vyote viwili. Mtoto wa kuhara chakula hakimkai mwilini. Maskini nyanya, alihangaika sana." Akasema tena kwamba kama nina kumbukumbu ya wakati ule nimwambie, aiandike. Nikamwambia nilikuwa mdogo.

Nilikuwa na miaka saba. Nakumbuka kila kitu.

Baba alikuwa mpagazi wa bandarini, akashikwa na kifua, akapelekwa kulazwa bara kwa muda mrefu. Mama alibaki nasi wawili, mimi na ndugu yangu aliyekuwa hajatimiza mwaka na nusu. Maziwa ya mama yalikuwa yamekatika kwa mawazo. Nyuma ya mtaa wetu alikuwapo bibi mmoja aliyefuga ng'ombe wawili uani, na mumewe alipenda kofia za kudarizi. Mama akapatana nao: yeye atamdarizia bwana kofia, vile viua vidogo vidogo vinavyoumiza macho, nao watampa chupa moja ya maziwa kila asubuhi kwa ajili ya mtoto. Aliyetumwa kuyachukua ni mimi. Mama aliamini maziwa hunywewa yangali na joto la ng'ombe, kwamba ukiyachemsha unayaua nguvu. Kwa hiyo niliambiwa nikimbie.

Nilikimbia. Lakini penye pembe ya kichochoro, chini ya ukuta wa nyumba iliyokuwa haikaliwi na mtu, palikuwa na kisima cha maji ya kufulia. Mama alitukataza maji yake. Hapo nilikuwa nikisimama, nikinywa maziwa mpaka penye mstari wa kioo wa chupa, karibu nusu, kisha nikiijaza maji ya kisima na kuitikisa. Mara ya kwanza nilitetemeka. Mara ya tatu sikutetemeka tena. Nilikuwa na njaa, na sisemi hivyo ili nihurumiwe, nasema kwa sababu ni kweli. Ilikuwa njaa ya kuota ndoto za mkate. Nilifanya hivyo tangu baada ya Mfungo Mosi, mwezi wa Idi, mpaka baba aliporudi, na baba alirudi karibu na Ramadhani iliyofuata.

Mama aliyaona maziwa kuwa mepesi. Alisema ng'ombe wa mjini hula makaratasi, maziwa yao yatakuwaje? Ndugu yangu akawa anahara, anapona siku mbili, anahara tena. Tumbo kubwa, miguu myembamba. Alikuwa ameanza kusimama, akaacha. Majirani walisema ni jicho. Akafungwa hirizi, akanyweshwa kombe, yale maandishi ya Kurani yaliyooshwa kwa maji ya waridi, na mama akakesha naye akimsomea. Hata siku moja haikunipitia akilini kwamba maji yale ya kisima ndiyo yaliyokuwa yakimharisha. Nilijua naiba. Sikujua naiba nini.

Baba alirudi, riziki ikarudi, ndugu yangu akapona, akakua kwa kadiri yake. Mambo yale yalizama. Ila nilipokuwa fundi, naye akaja kwa kanzu yake ya harusi, nilimsimamisha penye ukuta bila viatu, mambo yale yakanirudia. Mlangoni walikuwa wamejaa wenzake wakimtania, na utepe wa baba ulikuwa pale juu. Nikasema, acha nimpe katika kitambaa kile alichokosa mwilini. Nilimkatia utepe kwa urefu wa baba, nikautundika, naye akautazama akacheka, "Kaka, leo wanipandisha!" Kanzu yenyewe niliishona kwa kipimo cha kweli, nilichokijua kwa moyo. Na kwa miaka yote ile, Idi kwa Idi, nilimshonea bila kuugusa utepe wake. Ulikuwa uongo mdogo wa ukutani, hakuna aliyeumia.

Basi baada ya binti yake kuniambia yale, sikuweza tena kulala nikashiba usingizi. Sasa nilijua niliiba nini. Niliiba shibiri nzima na vidole viwili. Niliiba mizaha yote ile aliyoimeza na kahawa. Niliiba yule mchumba wake wa kwanza ambaye mama yake alisema hawezi kumwoza binti yake mtu wa kutafutiwa kigoda. Niliazimia kumwambia. Moyo wake ulikuwa umeanza kumsumbua, daktari alikuwa amempa dawa za kila siku, na nikaona kwamba tukienda hivi, mmoja wetu atatangulia nami nitabaki na maneno yangu.

Nilimchukua ndugu yangu tukaenda Mama Ngina, kule ufukweni, jioni moja ya Jumapili, pamejaa watu. Familia za bara zilikuwa zimetoka kanisani na nguo zao nzuri, watoto wakikimbia, wauza mihogo wakipepea majiko. Tulinunua mihogo yenye pilipili na ndimu tukakaa juu ya ukuta unaotazama bahari. Miguu yangu ilifika chini. Yake ilining'inia, naye akawa anaichezesha.

"Muhogo huu wauma kuliko maneno ya mawifi," akasema.

Nikamwambia, "Nina jambo nataka kukwambia. La zamani. La yale maziwa, mwaka baba alipokuwa mgonjwa."

Akageuka, uso umemfunguka. "Maziwa! Ngoja kwanza, kaka. Hilo nami nna miaka nataka kukwambia, naona haya." Akafuta mikono kwa leso. "Mama alinambia kabla sijaoa. Yuwanambia, wewe usije ukamkosea kakako adabu hata siku moja. Mwaka ule babako hayuko, yeye ndiye alokuwa akitoka alfajiri kwenda kukutwalia maziwa, yuwaja mbio miguu mitupu yasipoe. Lau si yeye tungekuzika. Basi mimi nimekuwa mtu mzima, nimeoa, nimeoza, sijakwambia ahsante. Haya, leo nakushukuru."

Akanishika mkono wa kulia, ambao ulikuwa na pilipili, akaubusu kama mtoto anavyombusu mzee wake.

Nikamwambia, "Si kitu."

Hayo ndiyo niliyosema. Nimeyarudia kichwani mara nyingi, nikijaribu kutafuta pale ambapo ningeweza kuingiza neno jingine, na nafasi ilikuwapo, tena kubwa, tulikaa pale mpaka adhana ya magharibi. Akaniuliza, "Na wewe ulitaka kusema nini?" Nikamjibu ni hilo hilo, nilikuwa nimekumbuka tu. Tukarudi mjini taratibu kwa sababu ya moyo wake. Njiani alikuwa mchangamfu sana, ameutua mzigo wake.

Haikupita miezi miwili. Alianguka dukani mwake asubuhi, tukamfikisha hospitali, na kabla ya adhuhuri alikuwa ameshafariki. Mimi nilikuwa pamoja na binti yake pale kitandani. Tulimrudisha nyumbani, nami nikawa miongoni mwa waliomwosha. Mwili wake ulikuwa mwepesi. Nilimwosha miguu, ile miguu, nikaifunga kwa sanda, na katika kufanya hivyo sikufikiria kabisa habari ya utepe. Nilikuwa nalia kama mjinga. Vijana wa mtaa wakafanya ilivyo desturi: mmoja akaenda dukani kwangu, akausoma msumari wetu, akachukua utepe wa marehemu na kuupeleka makaburini. Hakuniuliza. Angeniuliza nini?

Tulimzika baada ya alasiri. Tulioshuka kaburini kumpokea tulikuwa watatu: mimi, mkwewe, yaani mume wa binti yake, na mzee mchimbaji. Tukamteremsha, tukamlaza kwa ubavu ndani ya mwanandani, uso kibla. Kichwa kikakaa mahali pake. Miguu ya ndugu yangu ikakoma, na mwanandani ikaendelea. Palibaki nafasi tupu, safi, iliyochongwa vizuri, ya shibiri nzima na vidole viwili.

Mchimbaji aliinua kichwa. "Kipimo hiki mmeleta cha nani? Mwenye kipimo hiki si huyu."

Mkwe akanitazama mimi, kwa maana tepe ni zangu. Mchimbaji akasema haifai kuachwa wazi hivyo, mbao hazitakaa, ijazwe. Tukaijaza kwa mikono. Nilichota udongo nikaushindilia penye nyayo zake, chopa baada ya chopa, na kila chopa nililijua. Juu yetu watu walikuwa wameshika shuka la kufunikia kaburi, hawakuona. Niliposhikwa mkono ili nipandishwe, ikabidi nivutwe na watu wawili.

Wanawake wetu hawaendi makaburini, lakini waume zao huenda na hurudi. Siku ya tatu, khitma ilipokwisha kusomwa, binti wa ndugu yangu alikuja dukani. Alikuwa na buibui la matanga na macho makavu. Alinisalimu kama kawaida, "Masalkheri ami," nikamwitikia, akabaki amesimama.

"Nilikwambia kuwa ule si wa Baba," akasema.

Nikamwambia yote. Nilianza na utepe nikarudi nyuma mpaka kwenye kisima. Alinisikiliza, nadhani, kama anavyowasikiliza kina mama wa kliniki. Aliuliza maswali mafupi. Kiasi gani? Karibu nusu. Maji ya wapi? Ya kisima cha kufulia. Yalichemshwa? Hapana, mama hakuyachemsha maziwa. Muda gani? Karibu mwaka. Alipokuwa na umri gani? Nikamwambia. Hapo akafumba macho kidogo. Hakuandika kitu.

"Na wewe ulikuwa na miaka mingapi?"

"Saba."

"Mtoto wa miaka saba mwenye njaa," akasema. "Kila siku nawaona. Huyo simlaumu, ami, wallahi simlaumu."

Nilianza kulia. Nilidhani imekwisha. Nikamweleza na habari ya Mama Ngina, jinsi nilivyokuwa nimekusudia kumwambia na jinsi alivyonitangulia kwa shukrani. Nilimweleza nikitaka anionee huruma, nakiri. Nilisema hata la kubusiwa mkono.

Nje tuktuk lilikuwa likirudi kinyumenyume, dereva akipiga kelele watu wapishe.

"Kumbe alikubusu mkono," akasema. "Nawe ukamwachia." Akaurekebisha mtandio wake. "Wa miaka saba simlaumu. Lakini aliyekaa na baba yangu juu ya ule ukuta alikuwa mtu mzima, ameshiba."

Akaaga kwa adabu zote, akatoka. Niliuchukua utepe ule, ambao ulikuwa umerudishwa na vumbi la makaburini, nikajaribu kuufunga fundo. Kisha nikaona siwezi kuufunga kwa kuwa si wa mtu yeyote aliyepata kuishi. Niliukata vipande. Mahali pake hapana kitu, na siwezi kumkatia mwingine. Kimo chake nakijua, ila hakuna wa kusimama penye ukuta.

Hajanikata. Hilo lazima niliseme, watu wasimdhanie vibaya. Hunitumia chakula, huniuliza dawa zangu kwa simu, na nikikohoa hupata habari kabla ya mimi mwenyewe. Lakini daftari lake lilibaki katikati, na ngazi nimeirudisha kwa mwenyewe. Ana mtoto wa kiume wa miaka mitatu. Kwetu mtoto wa umri huo ndiye hushonewa kanzu yake ya kwanza ya Idi, na hapo ndipo hukatiwa utepe wake na kuwekwa chini ya watu wake. Ramadhani hii nzima nilingoja waje. Nilikuwa nimenunua kitambaa chepesi cheupe, nikakidarizi shingo kwa mkono, sehemu ambayo haihitaji kipimo, nikaacha mengine.

Walikuja Idi yenyewe, baada ya sala, kunipa mkono. Mtoto alikuwa amevaa kanzu ya dukani, imekaa kombo mabegani na upindo umepanda, vifundo vya miguu nje. Nilimpima kwa macho, siwezi kujizuia. Ni mrefu kwa umri wake. Ana miguu ya baba yangu.

Nikamwambia mama yake, "Mashallah, amerefuka. Msimamishe hapo ukutani basi, mara moja tu, nimkatie wake."

Alimshika mtoto begani, akamvuta kidogo upande wake.

"Ameshapimwa, ami," akasema kwa upole. "Nimempima mwenyewe."

Nikasema alhamdulillahi. Mtoto alinibusu mkono, alivyofundishwa, nami sikuwahi kuuondoa.